Mistari Iliyonyooka Inapoanza Kupinda: Namna ya Kuutambua na Kuutibu Ugonjwa wa Makula Uzeeni

Ugonjwa wa makula, yaani kuharibika kwa ile sehemu ya katikati ya nyuma ya jicho inayoona vitu kwa undani, huwapata hasa watu waliovuka miaka 50, na mara nyingi huchelewa kutambuliwa kwa sababu hauumi, hautoi machozi wala tongotongo, na jicho likitazamwa kwa nje huonekana zima kabisa. Mzee husema tu kwamba macho yamechoka, watoto wake hukubaliana naye kwamba huo ndio uzee, na miezi hupita. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzee mwenyewe, na pia kwa ajili ya yule anayemsomea ujumbe wa simu na kumsindikiza hospitali. Jambo moja litarudiwa humu kwa makusudi: matibabu yaliyopo hulinda uwezo wa kuona ambao bado upo, lakini kwa kawaida hayarudishi uliokwisha kupotea, hivyo siku ambayo mgonjwa anafika kliniki ina uzito kuliko jina la dawa atakayopewa.

Kinachotokea ndani ya jicho

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazosafiri hadi kwenye ubongo. Katikati ya retina pana eneo lenye upana wa takriban milimita 5, ndilo makula, na ndilo linalotuwezesha kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kumtambua mtu kwa sura na kutofautisha noti ya elfu moja na ya elfu kumi. Chini yake kuna tabaka la seli zenye rangi, ambazo hulisha seli zinazopokea mwanga na kuondoa taka zake. Kadiri umri unavyosonga kazi hiyo ya usafi hulegea, na mabaki ya mafuta na protini hujikusanya chini ya tabaka hilo yakawa madoa ya manjano yaitwayo druseni. Druseni chache na ndogo ni jambo la kawaida kwa mzee yeyote. Zikiwa kubwa, yaani zikizidi upana wa mikromita 125, daktari huandika kwamba ugonjwa umefika hatua ya kati, na hapo ndipo ufuatiliaji wa karibu unapoanza.

Kuanzia hapo ugonjwa huweza kushika njia mbili. Njia ya kwanza ni ya aina kavu, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, takriban wanane hadi tisa kati ya kila kumi: seli hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu hatimaye hubaki mabaka yasiyo na seli hai katikati ya retina. Njia ya pili ni ya aina ya majimaji. Katika aina hii, protini iitwayo VEGF huchochea mishipa mipya ya damu iote kutoka tabaka lililo nyuma ya retina, na kwa kuwa mishipa hiyo ni dhaifu, huvujisha maji na damu chini ya makula. Aina kavu humpa mgonjwa miaka. Aina ya majimaji huweza kuharibu uoni wa katikati ndani ya wiki chache na kuacha kovu la kudumu. Mwenye aina kavu anaweza kupata ya majimaji wakati wowote, na ndiyo maana haruhusiwi kusahau kliniki eti kwa sababu hali yake ni ya polepole.

Mgonjwa aambiwe mapema jambo moja ambalo huondoa hofu kubwa: ugonjwa huu peke yake haumwingizi mtu katika giza totoro. Uoni wa pembeni hubaki, na kwa huo mtu huweza kutembea nyumbani kwake, kuepuka meza na kuona kwamba kuna mtu mlangoni, ingawa huenda asitambue ni nani.

Walio katika hatari

Umri ndio unaotangulia, kisha historia ya familia, kisha sigara. Mwaka 2005 watafiti walibaini kwamba tofauti fulani katika jeni iitwayo CFH, inayohusika na mfumo wa kinga ya mwili, huongeza hatari kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo mtu ambaye mzazi au ndugu yake ameupata ana sababu ya kuchunguzwa hata kama anaona vizuri. Jeni hazibadilishwi, lakini sigara huachwa, na mvutaji ana hatari ambayo kwa makadirio ya tafiti nyingi ni mara mbili hadi nne ya asiyevuta. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa nalo lina mchango wake.

Kumekuwa na mazoea, hata miongoni mwa wahudumu wa afya, ya kuuona huu kuwa ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba hatua zake za mwisho huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hata hivyo uchunguzi mkubwa uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulikuta dalili za awali kwa takriban asilimia 11 yao na hatua ya mwisho kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwa maoni yangu takwimu hizo zinatosha kumfanya mhudumu yeyote wa Afrika Mashariki aangalie makula kabla ya kumwambia mzee kwamba anahitaji miwani tu.

Namna ya kuutofautisha na magonjwa mengine

Katika jamii zetu, mzee akisema haoni, neno la kwanza linalotajwa ni mtoto wa jicho. Huo ni ugonjwa wa lenzi, hufanya kila kitu kiwe na ukungu, katikati na pembeni vilevile, na hutibiwa kwa upasuaji ambao mara nyingi humrudishia mtu uoni mzuri. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huanza kula uoni wa pembeni, na mgonjwa hujigonga kwenye miimo ya milango huku akiweza kusoma gazeti. Ugonjwa wa makula hufanya kinyume chake: pembeni panaonekana, lakini kile hasa unachokitazama kina doa, kimefifia au kimepinda. Mzee anaona kilemba cha mgeni wake na viatu vyake, ila uso hauoni. Anahitaji mwanga mwingi zaidi ili asome, anachelewa kuzoea anapoingia ndani akitoka juani, na rangi zinaonekana zimepauka.

Magonjwa haya huweza kukaa pamoja katika jicho moja. Zipo familia zilizolipia upasuaji wa mtoto wa jicho, zikashangaa kuona mgonjwa bado hasomi, zikamlaumu daktari mpasuaji, kumbe makula ilikuwa imeharibika tangu kabla. Kwa hiyo kabla ya upasuaji huo ni haki ya mgonjwa kuuliza: je, retina imeangaliwa, na ikoje?

Kujipima nyumbani

Kipimo rahisi kuliko vyote ni karatasi ya miraba iliyobuniwa na daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, katika miaka ya 1940. Ukikosa iliyochapishwa, daftari la hesabu lenye miraba midogo ya milimita 5 linafaa. Chora mraba mkubwa wenye sentimita 10 kila upande, ili ndani yake pawe na miraba 20 kwenda chini na 20 kwenda kando, kisha weka nukta nyeusi katikati kabisa. Ikiwa mistari ya daftari imefifia, ipitishie kalamu na rula, kwa sababu mstari usioonekana vizuri utampotosha anayejipima.

Mzee avae miwani yake ya kusomea, akae penye mwanga wa kutosha, na karatasi ishikwe kwa umbali wa kawaida wa kusoma, takriban sentimita 30 hadi 35. Kisha afunike jicho moja kwa kiganja, bila kulikandamiza, na kwa jicho lililobaki atazame nukta ya katikati bila kuhamisha macho. Aulizwe: je, nukta unaiona? Je, pembe zote nne za mraba zinaonekana? Kuna mahali ambapo mistari imepinda, imekatika, imefifia au ina kivuli? Baada ya hapo jicho la pili lipimwe kwa namna ileile.

Kufunika jicho moja ndiko kiini cha kipimo chote, nako ndiko watu wanakoruka. Macho mawili yakifanya kazi pamoja, lililo zima hufidia lililo gonjwa, na mtu huweza kupoteza uoni wa katikati wa jicho moja asijue mpaka siku ambayo vumbi limeingia katika jicho lake zima. Mzee asiyependa makaratasi anaweza kutumia vitu vya nyumbani vyenye mistari iliyonyooka, kama nondo za dirisha, mwimo wa mlango au vigae vya ukutani, mradi afunike jicho moja na atumie kitu kilekile kila mara ili atambue mabadiliko. Aliyekwisha kuambiwa kwamba ana hatua ya kati, au ambaye jicho moja tayari lina aina ya majimaji, ajipime kila siku kwa muda usiozidi dakika moja. Wengine mara moja kwa wiki inatosha.

Mistari ikipinda ghafla, au doa jipya likatokea katikati, hiyo ni dharura hata kama hakuna maumivu. Usisubiri miadi ya mwezi ujao, wala usiende kwanza kubadilisha miwani. Lengo ni mgonjwa aonwe ndani ya siku chache na, ikithibitika ni aina ya majimaji, sindano ya kwanza ichomwe ndani ya wiki mbili. Kwa upande mwingine, karatasi ikionekana sawa haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa, kwa kuwa kipimo hiki hukosa mabadiliko madogo ambayo mashine ya hospitali huyaona.

Kliniki

Duka la miwani linaweza kugundua tatizo lakini si mahali pa kulitibu. Anayehitajika ni daktari bingwa wa macho, na ikiwezekana mwenye utaalamu wa retina, ambaye kwa kawaida hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa na hospitali maalumu za macho: nchini Tanzania, kwa mfano, Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam au KCMC mjini Moshi, na nchini Kenya, Hospitali ya Kikuyu iliyo karibu na Nairobi. Mapokezini usiseme tu kwamba mzee haoni vizuri. Sema kwamba mistari iliyonyooka imeanza kupinda katika jicho la kulia au la kushoto, na taja siku ilipoanza, kwa maana maneno hayo humsaidia muuguzi kuamua nani apite mbele ya foleni.

Atawekewa matone ya kupanua mboni, ambayo yatamfanya asione karibu vizuri na aumizwe na jua kwa saa kadhaa, kwa hiyo asindikizwe na asiendeshe gari. Daktari atatazama retina kwa taa, kisha kwa kawaida ataagiza kipimo cha OCT, ambacho kwa kutumia mwanga tu, bila kugusa jicho, huonyesha matabaka ya retina yalivyo na kama kuna maji yaliyojikusanya. Wakati mwingine huchomwa rangi maalumu kwenye mshipa wa mkono ili mishipa inayovuja ipigwe picha. Ngozi na mkojo hugeuka manjano kwa siku moja hivi, na hilo lisimtie mtu wasiwasi. Usitoke kliniki kabla hujaandika majibu ya mambo haya: ni aina gani, hatua gani, jicho lipi, na kurudi ni lini. Omba nakala ya picha za OCT, maana ukihamia hospitali nyingine zitamwonyesha daktari mpya kama hali imebadilika.

Matibabu ya aina kavu

Hatua ya awali haina dawa, na anayekuuzia matone ya macho kwa ajili yake anakuuzia kitu ambacho hakijathibitishwa kutibu makula. Katika hatua ya kati kuna virutubishi vilivyofanyiwa utafiti na Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani. Utafiti wake wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba mchanganyiko maalumu wa vitamini na madini ulipunguza kwa takriban asilimia 25 hatari ya kufikia hatua ya mwisho katika miaka mitano. Wa pili, wa mwaka 2013, uliondoa beta-karotini, kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, kwa kuwa iliongeza saratani ya mapafu kwa waliovuta sigara, na nafasi yake ikachukuliwa na luteini na zeaksanthini, virutubishi vilivyomo katika mboga za majani. Mchanganyiko wa sasa kwa siku ni vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, shaba miligramu 2, luteini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2. Soma kibandiko cha chupa, kwa sababu vidonge vingi vinavyouzwa kwa jina la vitamini za macho havifikii viwango hivyo, na vingine bado vina beta-karotini. Vidonge hivi havimsaidii mwenye hatua ya awali wala mtoto wake mwenye macho mazima, hivyo fedha hiyo isitumiwe kwa nyumba nzima.

Kwa waliofika kwenye mabaka ya seli zilizokufa, Marekani iliidhinisha mwaka 2023 dawa mbili za sindano, pegcetacoplan na avacincaptad pegol. Hupunguza kasi ya mabaka kutanuka, lakini hazirudishi uoni. Ni ghali, na kwa mgonjwa wa kwetu si jambo la kuuzia shamba.

Chakula kina nafasi yake, na bahati nzuri kinachoshauriwa kipo sokoni: mchicha, sukuma wiki, matembele, kisamvu na majani ya maboga, vikipikwa na mafuta kidogo ili luteini ifyonzwe mwilini, kiini cha yai, mahindi ya njano na samaki. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kuongeza mboga za majani ghafla.

Matibabu ya aina ya majimaji

Hapa tiba imebadilika kabisa tangu miaka ya 2000. Dawa zinazozuia protini ya VEGF huchomwa ndani ya jicho, zikakausha uvujaji na kuidhoofisha mishipa mibaya. Ranibizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, aflibercept mwaka 2011, na faricimab mwaka 2022. Katika utafiti wa ranibizumab uliofungua njia, takriban wagonjwa 95 kati ya 100 waliepuka kupoteza uoni kwa kiasi kikubwa katika mwaka wa kwanza, na karibu thuluthi moja waliona vizuri zaidi kuliko walipoanza.

Dawa ambayo mgonjwa wa Afrika Mashariki atapewa mara nyingi ni bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Baadhi ya watu hushtuka wakisikia hivyo, wakadhani wana saratani au wanafanyiwa majaribio. Hapana. Utafiti wa mwaka 2011 uliozilinganisha dawa hizo moja kwa moja ulikuta kwamba bevacizumab inalinda uoni sawa na ranibizumab, ilhali wakati huo nchini Marekani dozi moja ya bevacizumab iligharimu takriban dola 50 na ya ranibizumab karibu dola 2,000. Tangu mwaka 2013 bevacizumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa matumizi ya macho. Kinachopaswa kuulizwa ni usafi: kichupa kimoja hugawanywa katika mabomba mengi ya sindano, na mgawanyo huo ufanyike katika mazingira yasiyo na vijidudu.

Sindano yenyewe hutisha kwa kusimuliwa kuliko kwa kuchomwa. Jicho hutiwa ganzi ya matone, husafishwa kwa dawa ya iodini, kope hushikiliwa kwa kifaa ili mgonjwa asipepese, kisha sindano nyembamba sana hupenya sehemu nyeupe ya jicho na kuingiza mililita 0.05 za dawa. Huchukua sekunde chache. Baadaye jicho huwasha kutokana na iodini, huenda pakawa na wekundu mahali ilipopita sindano, na vitone vyeusi huelea kwa siku moja au mbili. Hayo si mabaya. Lakini kama ndani ya wiki moja maumivu yanazidi badala ya kupungua, uoni unashuka na mwanga unaumiza, huenda vijidudu vimeingia ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra sana, ila mgonjwa arudi hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni amwambie daktari kabla ya kuchomwa.

Kwa kawaida huanza na sindano tatu, moja kila mwezi, kisha daktari hurefusha muda kwa wiki mbilimbili kadiri jicho linavyobaki kavu, hadi wiki 12 au zaidi. Matibabu mengi huharibikia hapa. Baada ya sindano ya tatu mzee anaona afadhali, nauli ni kubwa, na familia inaamua kwamba amepona. Dawa huisha nguvu, mishipa huanza kuvuja tena, na kinachopotea safari hii huenda kisirudi. Ndiyo maana hesabu ya gharama ifanywe mwanzoni kwa mwaka mzima, ikijumuisha nauli na siku za kazi za msindikizaji, na bima iulizwe mapema inalipia nini. Kama fedha haitoshi, mwambie daktari waziwazi ili apange ratiba na dawa inayowezekana, badala ya kukubali dawa ghali utakayoikatiza njiani.

Asali, maziwa ya mama, maji ya majani na vumbi la dawa yoyote visitiwe machoni. Havifiki kwenye makula, na vinaweza kuunguza au kuambukiza sehemu ya mbele ya jicho ambayo ilikuwa nzima.

Kuishi na uoni uliopungua

Jicho lililopoteza katikati linaweza kufundishwa kutazama kwa pembeni. Mzee atazame kidogo juu, chini au kando ya kitu anachokitaka mpaka apate mahali ambapo kinaonekana vizuri zaidi, kisha azoee kutumia upande huohuo kila mara. Taa iwe karibu na kitabu, ikitokea nyuma ya bega na si mbele ya uso. Chai ya rangi imiminwe katika kikombe cheupe na maziwa katika kikombe cheusi. Wali usiwekwe kwenye sahani nyeupe. Ukingo wa kila ngazi upakwe rangi ya kung'aa. Msahafu na Biblia za maandishi makubwa zinapatikana, na simu janja huweza kukuza herufi au kusoma ujumbe kwa sauti. Namba ya siri ya kutumia fedha kwa simu asimpe kila mjukuu anayepita. Achague mtu mmoja anayemwamini.

Baadhi ya wagonjwa huanza kuona vitu visivyokuwepo: watu wadogo waliovaa mavazi ya ajabu, watoto uani, maua, kuta zenye nakshi. Mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, alilieleza jambo hili mwaka 1760 baada ya kumsikiliza babu yake aliyekuwa na uoni hafifu. Ubongo, ukikosa ishara kutoka kwenye macho, hujitungia picha zake. Wazee wengi hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa wamerukwa na akili au wamepandwa na majini, na wapo waliopelekwa kwa waganga kwa sababu hiyo. Mwulize mzee wako kwa upole, na umhakikishie kwamba akili yake iko sawa. Picha hizo ni za kuonekana tu, hazisemi wala hazigusi, na mwenye kuziona kwa kawaida hutambua kwamba si za kweli. Kuwasha taa, kupepesa macho au kutazama kushoto na kulia mara kadhaa huweza kuziondoa. Akianza kusikia sauti pia, akichanganyikiwa, au akiamini kabisa kwamba watu hao wapo, hilo ni jambo jingine, na apelekwe kwa daktari wa kawaida achunguzwe.